Dole Gumba la Mmiminaji

Karani wa kumbukumbu za mgodi nilimwambia natafuta habari za ukoo wangu. Akanionea huruma, akanipangusia kiti. Ukweli ni kwamba nilikwenda pale kutafuta namna ya kumvua nguo mtu aliyekwisha kufa.

Mtu mwenyewe alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha mgodi cha kuyeyushia shaba, na jina lake mpaka leo limeandikwa kwa herufi nene juu ya mlango wa ukumbi wa mikutano pale. Babu yangu, baba mzazi wa mama, alikuwa mmiminaji. Aliongoza ndoo ya shaba iliyoyeyuka na kuimwaga kwenye kalibu za udongo. Kalibu ikiwa na unyevu hata kidogo, shaba hulipuka. Siku moja ililipuka kweli, ikaua watu saba, babu akiwemo. Jiwe la kumbukumbu pale uani lina majina sita. La babu lilinyimwa nafasi, kwani ripoti ya msimamizi ilisema ndiye aliyekubali kalibu mbichi akawaua wenzake.

Mama alikuwa na miaka saba. Tangu hapo akawa mtoto wa muuaji: dukani, bombani, hata siku ya harusi yake. Sasa moyo wake unaumwa, na daktari ameanza kuongea naye kwa upole ambao siupendi hata kidogo. Nilitaka jina la babu lichongwe mama akiwa bado ana macho ya kulisoma. Wala sijikoshi: nilitaka na mtu alie.

Jiwe lilikuwa linatengenezwa upya mwezi ule, na mwenyekiti wa kamati ni Mwalimu, mtoto wa yule yule msimamizi. Nilimwandikia mara mbili. Alinijibu mara moja, mistari miwili tu: babu yako aliweka dole gumba, unataka ushahidi gani tena?

Ndivyo walivyofanya kazi. Kabla ya kumimina, mmiminaji alikagua kalibu, kisha akabonyeza dole gumba lenye wino kwenye daftari la zamu, kando ya namba ya kalibu. Maana yake: nimeiona, imekauka.

Basi nikalivalia njuga jambo hilo. Wiki tatu nilikaa na madaftari kumi na moja pamoja na karani, ambaye wote humwita Miwani kwa sababu ana miwani moja machoni, nyingine kwenye paji la uso, na bado hushinda akitafuta ya tatu. Kurasa zilinikasirisha. Dole la babu lilikuwa doa jeusi tupu, siku baada ya siku, na ya wamiminaji wenzake vivyo hivyo.

"Mzee, hawa walipewa wino mbovu?" nilimuuliza. "Mbona madole yao hayana mistari?"

Miwani alicheka, akaninyooshea dole gumba lake. Lilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika.

"Mimi nimekaa tanurini miaka ishirini kabla sijaletwa huku kwenye vumbi," alisema. "Ukishika koleo la moto, ngozi inaungua, inaota nyingine, nayo inaungua. Mistari inakwisha. Mwanangu kaninunulia simu ya kufungua kwa kidole, nayo inanikataa mimi mwenyewe niliyeibeba."

Nilifungua ukurasa wa siku ya mlipuko. Kalibu namba nne, jina la babu, na dole kando yake. Lilikuwa na mistari, mizuri, imejipanga yote kama shamba lililolimwa na mtu asiye na haraka.

Miwani alivua miwani zote mbili, akainama mpaka pua ikagusa karatasi.

"Huyu hajawahi kushika koleo," alisema. "Na daftari lilikaa kabatini kwa msimamizi. Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake."

Miaka yote ile msimamizi aliwatuma watu motoni, na hakuwahi hata siku moja kuitazama mikono yao. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya, na sikukionea aibu.

Kamati ilikutana Jumanne asubuhi katika chumba kidogo nyuma ya ukumbi, na ukumbini jamaa za waliokufa walikuwa wanasubiri kuambiwa habari za jiwe. Nilikwenda na mama, na Miwani alibeba daftari. Nilieleza yote. Mwalimu, mzee wa miaka themanini na kitu, aliutazama ukurasa mpaka wenzake wakaanza kukohoa.

"Jina litachongwa," alisema mwishowe. "Fundi akija kesho nitamwambia mwenyewe. Ila haya ya daftari tuyaache humu ndani. Mzee wangu hayupo tena. Utamuumiza nani?"

Nilikuwa nimeandaa maneno makali, na nakiri nusu yake niliyameza. Nikamgeukia mama.

"Mwalimu, unanikumbuka?" mama aliuliza.

"Nakukumbuka, mama."

"Nilikuwa darasa la pili. Ulinisimamisha mbele ya wenzangu, ukanipa ripoti ya baba yako niisome. Nilikuwa sijui kusoma vizuri. Ukawa unanisahihisha."

Mama aliichukua karatasi niliyokuwa nimeandika maelezo yangu, akamwekea mkononi.

"Huko ukumbini wamekaa watoto wa wale sita," alisema. "Twende ukawasomee."

Mwalimu alisimama mbele yao, karatasi karibu na uso. Mama alikaa kiti cha mbele kabisa, mkoba mapajani.

"Msimamizi wa zamu," Mwalimu alisoma kwa sauti ndogo, "alibonyeza dole gumba la uongo kwenye jina la mtu aliyekwisha kufa..."

"Sio msimamizi, Mwalimu," mama alisema. "Sema 'baba yangu'. Anza upya."