Mkate wa Mama Rahab

...na mkate wenyewe ulikuwa mzuri, hapo ndipo penye taabu, mweupe, umepakwa siagi mpaka pembeni, na Mama Rahab, mke wa mchungaji, alikuwa amemtilia Jepkoech kipande kiganjani kwa mkono wake mwenyewe, "Kula, mwalimu, miguu haishibi sala," wanawake wa foleni ya chai wakacheka, naye akacheka, akacheka na mate yamemjaa kinywani, maana tangu jana jioni hakutia kitu tumboni ila maji, na filimbi ya mbio za yadi mia mbili na ishirini ingelia wakati wowote, wawili wa kwanza waende Nairobi kukimbia kwa niaba ya mkoa, wawili tu, na yeye tangu masika yaishe anaamka kabla ya jogoo kuuzunguka uwanja wa shule peke yake, umande mpaka magotini, kwa nini basi, kwa nini alivificha vile viazi... viazi vitamu ambavyo mama mkwe wake, Chepchirchir, aliamka gizani akavichemsha, akavifunga kwa jani la mgomba, "Hivi havina ubaya kwako, mama," akasema Chepchirchir, mjukuu tayari yuko mgongoni, na Jepkoech akaitikia asante, asante mama, kisha akavisukuma nyuma ya mtungi wa maji, ati kwa sababu ya Mugure, Mugure aliyempigia kelele Jumamosi iliyopita mbele ya timu nzima, "Tazameni mwalimu na viazi vyake kikapuni, kama anayekwenda palizi!" na yeye aliyefika kidato cha pili, anayefundisha watoto wa watu Kiingereza, akaona haya, haya ya viazi, Mungu wangu, mtu mzima... "Songa basi, mwalimu, ama unauombea huo mkate?" Mugure huyo nyuma yake, mdomo umejaa, na daktari Mhindi pale mjini alimwambia wazi, ngano ndiyo inayokuchuna matumbo, mama, mkate, chapati, mandazi, usionje hata kidogo, akamsimulia watoto wa Uholanzi waliokosa mkate wakati wa vita, wagonjwa kama yeye, wakapata nafuu kwa kukosa, naye akaamini, akala wimbi, akala ugali, akanywa maziwa ya kibuyu mpaka mapaja yakarudi, mpaka Micah akamtania, "Sasa nimepata mke, zamani nilikuwa nimeoa fito"... ila Pasaka, Pasaka nyumbani kwa huyu huyu Mama Rahab, nani amkatalie mke wa mchungaji, akala vipande viwili kwa adabu, akatabasamu, akashukuru, na wiki nzima hakutoka chooni, maziwa yakamkauka kifuani, na Kiplangat wa miezi mitano akavuta titi tupu, akaliachia, akamtazama, akavuta tena, Micah akauliza umekula nini wewe, akajibu sijui, huenda ni maji... maji!... na sasa hivi akili inamnong'oneza vizuri, kula tu, maumivu hayaji upesi, yanakuja jioni, jioni utakuwa umeshashinda, kula upate nguvu, Nairobi iko pale kwenye kamba ya mwisho wa mbio, na ni kweli, hilo ndilo linalomtisha, ni kweli kabisa, yangekuja jioni, na Nairobi ni baada ya wiki tatu, angeifikia na miguu ipi, na kule ng'ambo ya uwanja Chepchirchir amesimama juani, mtoto amelala mgongoni, shingo bado nyembamba, miezi tisa na shingo bado ile ya Pasaka, Jepkoech alikuwa akijiambia moyoni ni mkate, miezi yote hii amekuwa akiulaumu mkate, kumbe mkate hauna miguu, haukumwingia mdomoni wenyewe, ni aibu, aibu ndiyo iliyokunywa maziwa ya mtoto, na leo imemnyima viazi, na sasa inamlisha... akimbie na njaa basi, chai anaiweza, chai yenye sukari ya kutosha, akishindwa atakuwa ameshindwa na njaa aliyojitakia, hata kushindwa huko anaweza kumweleza Micah bila kusingizia maji, na maneno yakaanza kujipanga ulimini, Mama Rahab, nashukuru, lakini mkate unaniumiza, basi, ni hayo tu, hayajai hata pumzi moja, na siku ile ya Pasaka yangetosha, yangetosha kabisa, na hilo likamchoma kuliko njaa... "Kijiko kimoja ama viwili, mwalimu?" Mama Rahab anangoja, kijiko kiko juu ya kikombe, foleni inasukuma, siagi inayeyuka kiganjani, na Jepkoech akamnyooshea kile kipande, akafumbua mdomo kusema.