Ulimbo wa Mfungo

Ilikuwa tarehe kumi na nane ya mwezi wa Megabit, mwaka 2004 kwa hesabu yetu ya Ethiopia, siku ya Jumanne. Alfajiri ile Gondar ilikuwa na baridi kali, ukungu umelala juu ya mabati, na maji niliyonawia kutoka kwenye ndoo yaliniuma vidole. Nilikuwa nimemaliza zamu yangu ya ulinzi kwenye kinu cha nafaka. Nilisali, kisha nikashika njia ya karakana, msalaba wa mama nimeufunga kwenye kitambaa na kuuweka ndani ya shati.

Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka hamsini na moja, katika madarasa ya jioni nyuma ya kanisa. Mwaka uliofuata nikaingia chumba cha pili, karakana ambako Mwalimu Yitbarek alikuwa akifundisha kuchonga nakshi kwenye fedha. Watu walicheka. Mzee kama mimi, mlinzi, kukaa benchi moja na wasichana na kuchonga maua kwenye vipande vya shaba.

Mama yangu, Emahoy Belaynesh, alichukua utawa baba alipofariki, ndipo akaitwa Emahoy. Siku hizi macho yake yanaona mwanga tu. Mali yake ya fedha ni moja: msalaba mdogo, mwembamba kama ukucha, ambao ameuvaa kwa uzi mweusi tangu alipobatizwa. Alitaka jina lake la ubatizo, Wolete Tsadik, ambalo kwa maandishi yetu ni herufi sita, lichongwe nyuma ya msalaba huo, azikwe nao. "Huko siendi na jina la nyumbani," alisema.

Tulipokuwa watoto alimpeleka mdogo wangu shule, mimi akaniachia mbuzi. Mdogo wangu ni karani Addis Ababa. Lakini msalaba mama alinipa mimi. Nilimshukuru Mungu, na sitaficha kwamba furaha yangu haikuwa safi.

Mwalimu Yitbarek alikuwa akituambia kila siku kwamba kazi nyingi huharibika zaidi kwa kutikisika kuliko kwa ujinga. Yeye mwenyewe alikuwa na jiliwa la chuma la kubania kazi, zito, la mviringo, linalozunguka kama mtu anavyogeuza kichwa. Ndugu yake alilileta kutoka ng'ambo. Mshahara wangu wa mwaka mzima usingelinunua. Sisi tulishika kazi kama tulivyoweza. Mwenye pete aliibana kati ya vipande viwili vya mti wa mzeituni, akapigilia kabari kwa nyuma. Njia hiyo ni nzuri, lakini msalaba wa mama ungepinda. Kitu chembamba kinataka ulimbo: utomvu ulioyeyushwa, vumbi la tofali lililochekechwa, na mafuta ya ng'ombe kidogo ili usiwe mkavu ukapasuka. Unaupasha moto ndani ya bakuli, unakilaza kitu chako juu, unauacha upoe. Bakuli unalikalisha juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, mkono wa kushoto unaligeuza taratibu. Ukimaliza, unaupasha tena na kazi inabanduka yenyewe. Ni njia ya maskini, na inashika kweli.

Lakini tulikuwa katika Mfungo Mkuu, ule wa kabla ya Pasaka. Tangu ulipoanza sikuwa nimegusa nyama, maziwa wala siagi, na sikutaka msalaba wa mtawa ulale kwenye mafuta ya mnyama. Nikatengeneza ulimbo wangu kwa mafuta ya mbegu za nug, yale tunayopikia siku za mfungo.

Asnakech alikuwa amefika kabla yangu. Ni mjane, anauza mkaa sokoni, na katika darasa letu hakuna mwenye mkono kama wake. Alinitazama nikikoroga.

"Kaka Mersha, huo ni ulimbo au ni mchuzi?"

"Ni ulimbo wa mfungo."

"Kwani unaula?"

Wasichana wakacheka. Mimi sikucheka.

"Msalaba huu ni wa mama yangu," nikasema. "Siuweki kwenye uchafu."

"Bakuli langu lina mafuta ya ng'ombe na linashika vizuri. Chukua, nimelipasha sasa hivi."

"Asante. Mimi nafunga. Kama wengine wameacha kufunga, hiyo ni juu yao na Mungu wao."

Alirudi kwenye benchi lake. Anafunga, na mimi nilijua anafunga. Alimzika mumewe na watoto wawili, na sijawahi kumwona akikosa ibada. Nililisema neno lile kwa sababu wasichana walikuwa wamecheka.

Baridi ya asubuhi ilinipa shida. Ulimbo wangu ulipopoa ulikuwa unavunjika vipande kama sukari guru. Nikauyeyusha upya, nikaongeza mafuta ya nug. Ukavunjika tena, nikaongeza tena. Mara ya tatu ukashika. Nikaulaza msalaba, nikasubiri, nikaugonga kwa kidole. Haukucheza.

Mwalimu Yitbarek alikuja akaubonyeza ulimbo kwa ukucha.

"Umezidisha mafuta, mzee wangu. Huu umegandishwa na baridi tu. Jua likifika hapo dirishani utakuwa uji."

"Nitamaliza kabla ya jua."

"Herufi sita? Wewe?" Hakusema kwa dharau. "Chukua bakuli la Asnakech. Au ngoja kesho, tuutengeneze pamoja."

"Mungu atanishikia," nikajibu.

"Atakushikia," alisema, "ila ulimbo ni kazi yako." Akaondoka.

Nilifanya ishara ya msalaba, nikaanza. Ya kwanza ilitoka safi. Ya pili pia. Kila nilipopuliza vumbi la fedha niliiona herufi iking'aa, na nilitamani mdogo wangu angekuwapo aone. Nilipomaliza ya nne ukungu ulikuwa umeondoka. Jua liliingia dirishani, likanipasha mgongo, na mimi, ambaye sikuwa nimekula kitu tangu jana jioni, nikalifurahia. Sikuhama. Kuhama kungekuwa kukubali kwamba mwalimu alisema kweli.

Kwenye herufi ya tano nilisukuma kalamu ya chuma ya kuchongea kama nilivyosukuma kwa nyingine, na msalaba ukasogea, kidogo tu, kama jino linavyosogea kwenye ufizi. Kalamu ikaruka. Ilipita juu ya herufi zote nne hadi ukingoni, ikaacha mfereji mrefu na wenye kina.

Hakuna aliyecheka safari hii. Asnakech alikuja, akautazama, akaweka mkono begani pangu. Ningependa angenitukana.

"Mama yako haoni," alisema kwa sauti ya chini. "Unaweza kumpa hivyo hivyo."

"Twende wote, dada," nikamwambia. "Peke yangu nitasema uongo."

Tulimkuta mama ameketi mlangoni, na Abba Hizkias, padri wake wa toba, amekuja kumsomea Zaburi. Nilimpa mama msalaba mkononi. Akaubusu, akaugeuza, akaanza kupitisha ukucha juu ya herufi moja moja, uso wake umelainika kama ambavyo sijapata kuuona. Maisha yake yote hajawahi kujua kusoma.

"Na hii ndefu," aliuliza, "ni herufi gani?"

Nilimtazama Asnakech. Aliangalia chini.

"Hiyo si herufi, mama. Msalaba ulinitoka. Nimelikwaruza jina lako, na herufi mbili bado."

Ukucha wake ulisimama. Abba Hizkias akafunga kitabu. Nilimweleza padri yote, ulimbo na mafuta, nikamuuliza kama ningetenda dhambi kutumia mafuta ya ng'ombe.

"Nani alikukataza?" aliuliza Abba.

"Hakuna."

"Mfungo ni wa kinywa, mwanangu. Ulimbo hauna kinywa."

"Na kinywa changu sikukifunga," nikasema. Nikamgeukia Asnakech, nikamwomba radhi mbele yao. Alisema, "Imekwisha," lakini kwa sauti ya mtu anayefunga duka.

Nilimwambia mama kwamba mwalimu anaweza kuusugua, kisha aandike jina upya.

"Fedha yenyewe hii nyembamba, asugue nini?" alisema mama. "Atanirudishia msalaba wa mtu mwingine. Hapana. Wala wewe hutautia mkono tena. Utanizika nao hivi hivi. Sema mbele yao, nisikie."

"Mama, angalau herufi mbili."

"Sema."

Nikapiga magoti.

"Mimi Mersha, mwana wa Emahoy Belaynesh, naahidi mbele ya Abba Hizkias na mbele ya dada Asnakech: mama akifa nitamzika na msalaba huu kama ulivyo. Sitausugua, sitaongeza herufi, wala sitamwachia mtu autengeneze. Na akiulizwa huko ni nani aliyemkwaruza jina, aseme ni mwanawe Mersha."