Mstari Mwekundu kwenye Hamsini

Seremala alinunua pikipiki kwa sababu ya kifua cha bintiye. Mtoto alikuwa na miaka tisa, mwembamba lakini wima, ndiyo maana baba yake alimpachika jina la Msumari. Pumu ilimshika tangu uchanga. Ikimbana, pumzi yake ilipiga mluzi kama randa butu kwenye mbao ngumu, na hospitali ilikuwa umbali wa kilomita ishirini na nane. Mara mbili walimwahisha kwa lifti ya lori la mchanga. Mara ya tatu Seremala hakutaka kubahatisha.

Siku ya kuichukua, alifika kwa Fundi na daftari mkononi na penseli sikioni. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, aliyezipokea pikipiki ndani ya makasha na kuziunga mwenyewe.

"Leo nimepata mwanafunzi," alisema. "Uliza, Seremala. Wenzako wanapanda kwanza, maswali wanakuja nayo wakiwa wanaisukuma."

"Niende spidi gani?"

"Hamsini, mpaka itimize kilomita elfu. Pistoni na silinda bado ni wageni, hawajazoeana. Ukiwakimbiza watakwaruzana, mwisho watashikana, na injini itakufia njiani."

"Hamsini hiyo hiyo safari nzima?"

"Hapana. Panda, shuka, badili gia. Isiimbe sauti moja kama mbu."

"Oili?"

"Kilomita mia tano, uje. Utaiona inametameta, usishtuke. Ni vyuma vinalainishana."

"Naweza kupakia?"

"Mtu mmoja mwepesi. Mkizidi, punguza mwendo. Na tairi mpya zinateleza, kona usizilalie."

Kisha akafanya alichomfanyia kila mteja. Alitoa kichupa cha rangi ya kucha, akapiga mstari mwekundu juu ya kioo cha spidi, penye hamsini.

"Kucha zangu hazijawahi kuionja rangi hii, yote inaishia kwenye pikipiki za watu," alisema. "Mstari naufuta mwenyewe ukifika elfu. Kabla ya hapo, hata nyumba iwe inaungua, usiuvuke."

Wakacheka wote wawili. Seremala akaliandika hata hilo.

"Mimi na mstari hatugombani," akasema. "Msumeno ukiuvuka, mbao imekwenda."

Akautii. Baiskeli zilimpita, na wenye baiskeli wakageuka kumtania: "Seremala, hiyo pikipiki ina mimba?" Hakujali. Akiiua injini sasa, siku Msumari atakapobanwa ataipata wapi nyingine? Mtoto mwenyewe alikuwa karani wa safari. Kila jioni aliipangusa vumbi, akasoma namba, akatangaza: "Baba, bado mia saba na sitini!"

Siku ile ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi. Seremala alikuwa akipiga randa aliposikia mluzi usiotoka kwenye mbao. Alipofika ndani, mkewe alikuwa ameketi sakafuni na mtoto mapajani, kichupa cha dawa ya kuvuta kikiwa kitupu pembeni. Midomo ya Msumari ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

Walimweka katikati, mama nyuma akimkumbatia. Barabara ilikuwa nyeupe, imenyooka, haina mtu. Mshale wa spidi ulipanda mpaka kwenye wekundu, ukatulia. Seremala akakumbuka kwamba wamezidi mmoja. Akapunguza hadi arobaini na tano.

"Baba Msumari, kimbiza!"

"Ikizima hapa tutafanya nini? Hakuna gari huku!"

"Kimbiza, nakwambia!"

Mkewe alimpiga ngumi ya bega. Seremala akang'ang'ania usukani. Alisikiliza sauti mbili, ya injini chini na ya pumzi mgongoni, akaogopa kwamba akiilazimisha ya kwanza ataipoteza na ya pili. Kilomita nne kabla ya hospitali mluzi ulinyamaza. Kwa muda wa kupita nguzo mbili za umeme alidhani mtoto amepata nafuu. Kisha akasikia mkewe naye amenyamaza.

Hapo ndipo alipovuta mafuta mpaka mwisho. Sitini, sabini, themanini na tano. Injini ilikwenda laini kama maji, haikulalamika hata kidogo.

"Mngemfikisha robo saa mapema..." daktari alianza, akaishia hapo.

Jeneza alilitengeneza mwenyewe. Hakuhitaji futi. Urefu wa Msumari ulikuwa kwenye mwimo wa mlango, mistari tisa ya penseli, na alichukua ule wa juu.

Pikipiki ilipofika kilomita mia tano akaenda kwa Fundi, kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Fundi alikuwa amesikia habari za msiba, hakusikia habari za safari. Alimpa pole, akafungua nati, oili ikaanza kushuka kwenye beseni, ikimetameta.

"Fundi, kuna swali sikuuliza. Ningeikimbiza themanini kwa dakika ishirini, ikiwa mpya vile, ingekufa?"

"Lini?"

Akamweleza. Fundi alibaki amechuchumaa, oili ikimtiririka vidoleni. Uongo ulikuwa karibu, na ungemsaidia mtu. Lakini aliyeuliza alikuwa mtu wa kuandika.

"Isingekufa," alisema. "Ingekwaruzika kidogo, basi. Na hata ingeharibika, silinda naichonga kwa siku mbili."

"Ulisema hata nyumba iwe inaungua."

"Nilikuwa natania, ndugu yangu."

"Nilijua. Nilicheka." Seremala aliutazama ule mstari. "Lakini niliandika."

Fundi akainuka, akalowesha tambara kwa thina, akalipeleka kwenye kioo. Seremala akamshika mkono.

"Acha. Bado haijafika elfu."

Akaketi kwenye benchi kusubiri. Kinyozi wa mtaa wa pili akaingia kuchukua pikipiki yake mpya, uso wote meno.

"Fundi, niende spidi gani?"

Fundi alikishika kile kichupa chekundu. Hakukifungua. Kinyozi akamtazama, kisha akamgeukia mtu wa kwenye benchi.

"Nyumbani una mgonjwa?" Seremala alimuuliza.

"Mama. Anaumwa moyo. Kwa nini?"

Seremala alichomoa penseli sikioni, akamnyooshea.

"Basi kaa hapa. Tuanze na huyo."