Vidonge Kwenye Pindo la Kanga

Siku ya arobaini, nguo za marehemu Generoza zilipogawiwa, mumewe Donati alikaa barazani kama mgeni nyumbani kwake. Magreti, mdogo wa marehemu, akatoka na kanga yenye fundo kwenye pindo. Akalifungua kwa meno.

"Shemeji, kumbe dada kaniachia na dawa. Vidonge vyake vya mgongo. Magoti yananiua, na vyangu kama hivi vimeisha jana. Huu ndio urithi, hayo magauni wagombanie wengine."

"Vitupe."

"Nitupe dawa? Una duka wewe?"

"Keti, Magreti."

Akamweleza. Zahanati ya serikali ina kitanda na kalenda, dawa hakuna. Wakubwa wakaruhusu kila mtu auze, na duka la dawa likafunguliwa ubavuni mwake. Muuzaji mwenyewe mwaka juzi alikuwa akipima mafuta ya taa. Alisema kimoja, kutwa mara tatu, basi. Hakuuliza kama mgonjwa anakula. Nayo ilikuwa Kwaresma. Generoza alifunga kutwa nzima huku akilima, akimeza vidonge kwa maji matupu, kwa kuwa dawa, alisema, si chakula, haivunji mfungo.

Alivimeza wiki tatu. Tumbo likamchoma, akasema ni njaa, anamtolea Mungu. Choo kikawa cheusi kama lami, akanyamaza. Mwanamke mwenye heshima atamwelezaje mumewe habari za choo? Ijumaa Kuu akaanguka shambani. Lori la mbao lilipowafikisha hospitali, damu ilikuwa imemwishia tumboni.

"Daktari akaniambia dawa hizi zinatuliza maumivu kweli, ila zinachubua tumbo. Mtu ale kwanza, asimeze siku nyingi bila kupimwa, na akiona choo cheusi asingoje hata siku moja. Maneno machache tu hayo. Nani analipwa mshahara ayaseme, akakaa nayo? Na aliyekwenda kuvinunua ni mimi. Mara zote tatu. Nikafurahi anaamka kulima."

Magreti alikuwa akilivingirisha pindo la kanga vidoleni. Hakumtazama.

"Shemeji. Hicho cheusi," alisema polepole, "mimi ninacho tangu juzi."

Donati aliingia ndani akaitoa baiskeli, akaikunja kanga ya marehemu mara nne, akaifunga kwenye keria ili shemejiye apate pa kukalia.