Sadaka Niliyoirudisha

Mimi naitwa Cosmas, katekista wa kigango chetu huku Masanze, mwaka wa kumi na moja sasa. Nimezika watu wengi na nimekosea mambo mengi. Hili ninalolisimulia nililifanya kwa nia njema, na ndiyo maana linaniuma kuliko mengine.

Masika ile mto ulivunja kingo asubuhi, watu wakiwa ndiyo kwanza wanawasha moto wa chai. Maji yalipopungua, mahindi yalikuwa yamefukiwa na mchanga, na sisi tuliobaki tulikuwa kwenye mahema katika uwanja wa shule. Tulizika watu wanne. Wa mwisho kupatikana alikuwa Yohana, mtoto wa miaka mitano. Alikutwa siku ya tatu, amenasa kwenye matete.

Yohana alikuwa akilelewa na bibi yake, Ida, mjane wa miaka sitini na kitu ambaye wote tulimwita Mama Editha. Editha mwenyewe, mama wa mtoto, anafua mashuka kwenye nyumba moja ya wageni Mikumi. Alikuja kuzika, akarudi kazini kesho yake.

Jumapili ya mavuno ikaangukia mwezi wa sita. Niliwatangazia waumini mapema kwamba mwaka huu asilete mtu kitu, Mungu anaona hali yetu. Nilidhani nimewatua mzigo. Siku yenyewe tulisali chini ya turubai, na ulipofika wakati wa matoleo nikawaomba tukae kimya kidogo. Mama Editha akasimama. Akapita katikati ya watu amebeba kidumu cha lita tano, akakiweka mbele ya altare, akapiga goti, akarudi kukaa. Kilikuwa kimejaa kunde za mbegu, zimechanganywa na majivu zisibunguliwe. Uwanja mzima ule hakuna mwingine aliyekuwa na mbegu.

Alasiri nikakibeba kidumu mpaka hemani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, katekista."

"Nimekurudishia mbegu zako. Ardhi bado ina unyevu, panda. Mungu ameuona moyo wako, inatosha."

Alikitazama kidumu, kisha akanitazama mimi. "Amekwambia hivyo?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Nikakiweka mlangoni nikaondoka, najiona mtu mwema.

Jumapili iliyofuata hakuja kusali, wala ile ya pili. Ya tatu nikamfuata. Nilimkuta nje, amekalia ndoo iliyopinduliwa. Kidumu kilikuwa palepale nilipokiweka, hajakigusa hata kukisogeza.

"Mama, nimekukosea?"

"Kaa chini," akasema. Nikakaa mchangani. Aliongea taratibu, bila machozi. "Maji yalipoingia, nilimshika Yohana kwa mkono huu. Mkono huu nikashika kidumu. Niliwaza, tukipona tutakula nini. Maji yakanipiga ubavuni, mkono mmoja ukaachia. Nilipofika juu kwenye tuta la reli, nilikuwa nimeshika kidumu."

Akakinyooshea kidole kile kidumu.

"Sasa nizipande hizo? Nizipalilie, nizichume, nizile? Siwezi. Na kuzitupa ni dhambi. Nikasema nitampa Mungu, yeye ndiye aliyeona, atajua pa kuzipeleka. Watu wananiuliza kama bado namtumaini. Ningemtumaini nani mwingine? Siku ile ya matoleo nilirudi hapa nikakoroga uji, na kwa mara ya kwanza ukapita kooni. Ndipo nikakuona unakuja nacho."

Nilimwomba radhi, nikamwomba anipe nizichukue tena. Aliitikia kwa kichwa tu.

Nilizipeleka kwa Joyce, aliyefiwa na mume katika mafuriko yaleyale na kubaki na watoto watatu. Nilimwambia ni za mavuno, nikamsihi azipande. Hakuzipanda. Watoto walikuwa na njaa; aliziosha majivu akazipika, na kufikia Ijumaa zilikuwa zimekwisha. Nilikwenda kumwambia Mama Editha.

"Walishiba?" akauliza.

"Kwa siku hizo, ndiyo."

"Basi."

Akaanza tena kuja kusali. Lakini baridi ya mwezi wa saba ilimwingia kifuani, na hema lilikuwa limepasuka. Alikohoa wiki mbili akisema ni mafua. Siku aliposhindwa kusimama tulipanda bodaboda mshikaki, yeye katikati, amejifunika blanketi alilogawiwa baada ya mafuriko, tukaenda Mikumi. Hospitali walimpima wakasema tumechelewa, mapafu yamejaa, ila wangemlaza na kujaribu. Alikataa kulazwa. Alitaka kwa mwanawe.

Chumba cha Editha kilikuwa na godoro moja na mashuka mawili. Tulipomlaza, Mama Editha alijifunua blanketi akalikunja kwa shida, akanipa.

"Mpelekee Joyce. Watoto wale wanalala chini."

Alikuwa anatetemeka. Neno hapana lilikuwa limeshafika mdomoni kwangu. Akanitazama vile alivyonitazama siku ya kidumu, nami nikalipokea kwa mikono miwili.

"Katekista," Editha akasema, "unamvua mama yangu blanketi?"

"Hajanivua," mama akajibu. "Nimetoa."

Alifariki siku ya tano. Tulimleta Masanze, tukamzika kando ya mjukuu wake. Watu wasio na kitu walileta walichonacho: unga kiganjani, kuni, ndoo ya maji. Sikumzuia mtu. Lakini sala zote nilizisoma nikiwaza baridi ya kile chumba. Mpaka leo sijui kama nilimtii mtu wa Mungu au niliharakisha kifo chake. Nimemuuliza Mungu. Bado nasubiri.

Watu walipotawanyika, Editha alinijia. Hakuniamkia.

"Liko wapi?"

Nikamwonyesha hema la Joyce. Alikwenda kwa hatua ndefu, nami nikamfuata, nikiogopa ugomvi. Joyce alikuwa bado makaburini. Watoto watatu walikuwa wamelala chini, wawili wana homa, blanketi limewafunika wote mpaka kidevuni. Mdogo wao angekuwa rika moja na Yohana.

Editha alisimama mlangoni muda mrefu, mkono ameshika kamba ya hema. Hakuingia. Kisha akageuka, akaenda barabarani kusubiri gari la Mikumi.