Picha za Kidole Gumba

Maji ya mtaa wa Lucky Summer yana siku zake. Alhamisi yakipenda huja, yasipopenda husubiriwa hadi Jumamosi, na ndiyo maana mfereji wa jikoni kwa Kavutha huachwa wazi, na karai chini yake, ili yakifika yasipite bure. Alhamisi hiyo aliuacha wazi kama kawaida, ila karai lilikuwa nje limeanikwa, na tundu la sinki lilikuwa limezibwa na kitambaa cha kuoshea vyombo. Akaenda zake kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Aliporudi alikuta ndala zikielea sebuleni, na sanduku la kompyuta ya marehemu mumewe, lililokuwa sakafuni chini ya meza, limelowa hadi katikati.

Alipiga deki kwanza, ndipo akampigia simu binti yake.

"Maji yalikuja," alimwambia.

"Si vizuri?" Ndinda akajibu.

"Yalikuja mengi. Yameingia kwa kompyuta ya baba yako."

Ndinda akamwita mama yake kwa Kikamba. "Mwaitu, na kijiko je?"

Kijiko ndicho kilichokuwa jambo. Mzee Matheka, mumewe Kavutha, alichonga vinyago kule soko la Gikomba kwa miaka arobaini, na kila mjukuu aliyezaliwa alimchongea kijiko chake cha mti, cha kuonjea uji wa kwanza akitimiza miezi sita. Hapakuwa na viwili vilivyofanana, kwa kuwa kila mpini ulikuwa na nakshi yake. Alianza kwa kuichora nakshi hiyo kwa penseli nyuma ya bahasha ya sadaka, akaipiga picha kwa kamera yake kuukuu, akaitia picha kwenye kompyuta, na bahasha akawashia jiko. Vijiko vinane vilitoka hivyo. Cha tisa mzee alikichora wakati Ndinda alipokuwa na mimba ya miezi mitano, akapiga picha, na kabla hajagusa mti, Mungu akamwita. Muoki, kifungua mimba wao, alikuwa mchongaji kama babake, na mti alikuwa nao tayari. Kilichobaki ni mchoro. Na Tiffany wa Ndinda angetimiza miezi sita baada ya majuma mawili.

Kavutha alilifungua sanduku kwa bisibisi ya cherehani, akachomoa kile kipande cha chuma ambacho Matheka alikuwa akisema ndicho chenye kukumbuka kila kitu, akakifukia ndani ya mfuko wa ndengu. Majirani hufukia simu zilizolowa kwenye mchele. Yeye aliona ndengu zilizokaushwa na jua la Makueni zitanyonya zaidi. Akaziacha zifanye kazi siku tatu.

Siku ya nne alikipeleka mtaa wa Baba Dogo kwa Apondi, fundi wa kompyuta aliyekuwa na kibanda kando ya kinu cha unga. Apondi alipokigeuza, ndengu mbili zilidondoka mezani, naye akamwuliza Kavutha kama anavyomwuliza nyanyake.

"Shosho, hii diski umeileta itengenezwe ama ipikwe?"

"Nilikuwa naikausha."

"Za mchele huwa naletewa. Ya ndengu ndiyo ya kwanza. Uliiwasha baada ya kulowa?"

"Sikuiwasha."

"Na hiki kifuniko, ulikifungua?"

"Nilitaka. Bisibisi ikakataa."

"Basi mimi naishukuru hiyo bisibisi," Apondi alisema. "Ndani ni kama jicho, vumbi kidogo tu likiingia kwisha maneno."

Akamwonyesha. Kibao cha nyaya kilichokuwa upande wa chini kilikuwa kimeota kutu ya kijani, lakini ndani palielekea kuwa salama. Ilibidi itafutwe diski nyingine ya aina ileile, kibao chake kihamishwe. Ilichukua siku tatu kuipata. Siku ya Apondi kuunganisha, Kavutha alikuwa kwenye benchi lake kibandani, akisuka kiondo, kikapu cha Kikamba, masikio yamesimama. Diski ilikohoa mara mbili, kisha ikaanza kuvuma polepole kama nyuki wa mbali.

"Sasa tuitafute picha," Kavutha alisema.

"Bado, shosho. Huyu ni mgonjwa, hatumchoshi na maswali. Kwanza nanakili kila kitu kwa diski nyingine iliyo nzima. Hiyo nakala ndiyo tutaisumbua."

Kavutha alipenda jibu hilo. Alipenda mtu asiyekimbilia kazi. Kunakili kulichukua siku mbili, naye alirudi siku zote mbili, na chupa ya chai.

Picha zilipotoka zilikuwa elfu mbili na zaidi, zote zimepoteza majina, zimebaki na nambari tu. Wakazipitia moja baada ya nyingine: twiga wa mti, faru wa mti, kwaya ya kanisa, mbuzi fulani ambaye Kavutha alimkumbuka kwa jina. Jioni zikaisha. Bahasha haikuonekana hata moja. Kavutha aliweka kiondo chini.

"Ndizo zote?"

"Ndizo zote nzuri. Kuna zingine nimeweka kando, zimeharibika. Zina doa kubwa kwenye kona."

"Doa gani?"

"La kahawia. Kila picha, kona ya kushoto. Nilikuwa nizifute kesho."

Kavutha akavua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa tena. "Hilo doa lina ukucha nusu?"

Apondi akafungua moja, akasogeza uso karibu.

"Lina ukucha nusu," akakiri.

"Hicho ni kidole gumba cha Matheka. Patasi ilikikata mwaka tuliooana. Bahasha alikuwa akiishika kwa mkono wa kushoto isipeperuke, na kamera kwa wa kulia. Miaka yote hiyo nilimwambia kidole kinaingia kwa picha, akaniambia kinaishika picha isianguke."

Apondi alicheka hadi akalaza kichwa mezani. Kisha wakazifungua. Kavutha alizitaja bila kukosea: huu mkia wa samaki ni wa mjukuu wetu Munene, haya meno ya msumeno ni ya Kavutha mdogo, aliyeitwa kwa jina langu. Zilipofika nane, akasogea karibu. Ya tisa hakuwahi kuiona. Mistari ilipanda na kushuka, ikapishana, ikafunga ukingo kwa fundo dogo. Aliitazama, halafu akatazama kiondo kilichokuwa miguuni pake. Ukingo ulikuwa uleule.

"Na huyu ndiye aliyekuwa akilalamika kila siku kwamba viondo vyangu vinajaa mlangoni," alisema taratibu.

Muoki alikichonga kijiko kwa siku nne. Jumapili baada ya kanisa, Tiffany aliketishwa mapajani mwa nyanyake. Uji wa kwanza aliutema. Wa pili aliumeza, akakamata mpini kwa mkono wote, akakataa kuuachilia hadi akalala nao.

Apondi alipelekewa nusu mfuko wa ndengu. Ni zilezile.