Aliyeitika Badala ya Liberatus

Wanaume wa Mbeya walikuwa na vituko vyao. Mwaka mzima waliapa kwamba pikipiki zao hazina tatizo, lakini Novemba ikikaribia, kila aliyewahi kuvaa sare ya Keya, jeshi la Mwingereza, alifika mlangoni kwa fundi Liberatus Kikoti, akiomba kukaziwa hiki na kubadilishiwa kile. Walikuwa wakienda Iringa kuwakumbuka wenzao waliofia Bama, kule Asia, katika Vita vya Pili vya Dunia. Liberatus aliwatengenezea, akawaaga, akabaki. Hakuwa askari, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa.

Mwaka wa 1955 alishindwa kubaki. Mama Paskalina alisimama katikati ya spana na makopo ya oili, kajifunga kanga mpya.

"Mwanangu, nipakie na mimi. Nataka nisikie wakilitaja jina la Edmund, hata mara moja, kabla sijafa."

Mtu angemjibu nini? Edmund alikuwa mwanawe wa pekee. Alipokufa, Liberatus ndiye aliyemtoa yule mama kijijini Iringa akaja kuishi naye Mbeya. Asichojua Paskalina ni kwamba jina la Edmund halikuwamo katika orodha yoyote. Siku jumbe alipokuja kukusanya vijana wa kwenda vitani, aliyeitwa alikuwa Liberatus, naye alikuwa kajificha darini kwenye mahindi. Akaitika Edmund, rafiki yake, ambaye hakuna aliyemwita. Alikwenda kwa jina la mwenzake na akafa kwa jina hilohilo. Barua ya serikali ikaletwa kwa akina Kikoti. Liberatus akaificha, akamwambia Paskalina kwamba habari za kifo cha Edmund zimetoka bomani.

Siku za mwizi ni arobaini. Za Liberatus zilikuwa zimefika elfu nne, na kila siku alikuwa akimwita Mama na kula ugali wake. Sasa aliona wazi kwamba akimpeleka Iringa atampoteza.

Waliondoka na pikipiki tatu kuukuu za jeshi. Muharami, mmoja wa wale Keya, alitangulia, mwenzake Zubery akafuata, na Liberatus akawa nyuma akila vumbi lao, Paskalina kakaa upande kama anakwenda harusini.

"Shika sana, Mama," Zubery alimtania. "Ukidondoka hapa, Wasangu wa Rujewa watakuoa kwa ng'ombe kumi!"

"Kumi tu? Waambie nimelelewa Kalenga kwa machifu mimi!"

Walilala Makambako. Jioni, walipokuwa wakiota moto, Liberatus alijikaza. "Mama, kuna jambo..." Paskalina akamtilia kiazi cha moto mkononi na kumwambia ale kwanza. Akala. Mwoga hakosi sababu.

Kesho yake, Iringa, sajini mmoja mstaafu alisimama mbele ya watu na karatasi. Alisoma jina mojamoja, na kwa kila jina ndugu au rafiki wa marehemu alisimama na kuitikia: "Ametangulia." Paskalina alikaa kwenye ukingo wa benchi, tayari kunyanyuka.

"Liberatus Kikoti!"

Zubery aligeuka kumtazama Liberatus, nusura acheke. Sajini akarudia. Majina hufanana, Liberatus angeweza kunyamaza, na mama yule angerudi Mbeya bila kusikia kitu. Alimtazama alivyokaza macho kwenye ile karatasi iliyokuwa ikielekea mwisho, na roho yake ikakataa.

"Nipo," alisema, akasimama. "Kikoti ni mimi. Aliyekufa ni Edmund Mgimwa, mwana wa mama huyu. Nilipoitwa nilijificha, akaitika yeye."

Sajini alikunja karatasi, akajiweka sawa, akaita kwa sauti kubwa: "Edmund Mgimwa!"

Paskalina alisimama. "Ametangulia," alisema. Kisha akaenda kukaa na wanawake wengine, bila kumtazama Liberatus.

Watu walipotawanyika, Liberatus alisimama kando ya pikipiki yake. Alikuwa ameshamwomba Muharami amrudishe mama. Lakini Paskalina alimpita Muharami, akaja kusimama mbele yake.

"Siku ile mimi nilikuwa shambani. Niliporudi walishampeleka. Wewe ulimwona?"

"Nilimwona, Mama. Kwenye ufa wa mbao."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa anakula muwa. Akautupa, akajifuta mikono kwenye kaptula, ndipo akaitika. Halafu akatazama juu, kule darini, akanikonyeza."

Paskalina alijishika mdomo. Miaka yote aliyokaa bila mwanawe alikuwa akirudia kumbukumbu zilezile chache, na leo kapata mpya.

"Muwa niliomkatia mimi asubuhi," alisema, na machozi yakamtoka. "Mpumbavu wangu mimi. Hata hakuumaliza." Akajifuta kwa pindo la kanga. "Nimekukasirikia, Liberatus. Nitakukasirikia mpaka Mbeya, na pengine mwaka mzima. Haya, nipakie."

Akampakia. Muharami na Zubery walikwisha kutangulia. Liberatus alipopiga moto, alihisi ngumi mgongoni.

"Zima hilo! Nitakusikiaje? Anza tena, tangu kwenye muwa."

Akazima. Barabara ya kutoka mjini ilikuwa ya mteremko, kwa hiyo aliachia breki, wakashuka taratibu bila mngurumo wowote, yeye akisimulia na Paskalina kaegemeza sikio mgongoni pake.